Kwa nini jiwe halimwagiki: shajara ya mradi wa darasani, Mwanza

Naandika hii kwa walimu wenzangu wa fizikia ambao maabara zao, kama yangu, zina kabati na kufuli lakini ndani ya kabati hamna kitu cha kufungiwa. Kila hatua ikiisha naongeza. Bei ni nilizolipa mwenyewe madukani na sokoni.

Jumanne, 4 Februari 2025

Mada ni maada. Kidato cha kwanza wameshakariri: yabisi ina umbo lake na ujazo wake, kimiminika kina ujazo ila umbo ni la chombo, gesi haina hata kimoja. Wanaiimba vizuri kuliko kwaya. Nikauliza kwa nini yabisi ina umbo lake, mikono ikajaa hewani: kwa sababu chembe zake zimebanana. Nikaandika ubaoni, nikaweka alama ya vema.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye mama yake anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, akasimama. "Mwalimu, dagaa nao wamebanana kwenye sado. Nikiwamwaga kwenye gunia wanakuwa gunia. Mchanga nao ni hivyo hivyo. Sasa mchanga ni kimiminika?"

Darasa likaangua kicheko. Nikamwambia akae, nitamjibu kesho. Ukweli ni kwamba nilitaka kwanza nijijibu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Februari

Jaribio la kwanza, nililodhani litakuwa la mwisho. Nilinunua gololi 60 Makoroboi kwa shilingi 50 kila moja, jumla 3,000, na boksi la plastiki angavu kwa 2,000. Wazo lilikuwa kuzipanga gololi safu kwa safu hadi zibanane, niwaonyeshe wanafunzi: hii ndiyo yabisi.

Nilipanga vizuri mno, kila gololi ikikaa kwenye shimo kati ya tatu zilizo chini yake. Nilipoliondoa boksi zikatawanyika chumba kizima. Mbili hadi leo ziko chini ya friji.

Makosa hayakuwa ya mpangilio. Makosa yalikuwa kwenye sentensi niliyowekea vema. Gololi zilibanana kadiri gololi zinavyoweza kubanana, na bado umbo lilikuwa la boksi. Nilichokuwa nimejenga ni sado ya dagaa ya shilingi 5,000.

Jioni nikapita Mwaloni, Kirumba, nikasimama kwenye mapipa wanayoweka sangara na barafu. Vipande vya barafu vilikuwa vinaelea kwenye maji yaliyotokana na barafu hiyo hiyo. Nimeliona jambo hilo miaka yote na sijawahi kuliunganisha na somo langu. Barafu inaelea kwa sababu ujazo uleule wa barafu una uzito mdogo kuliko wa maji: sentimita moja ya ujazo ni gramu 0.917 tu, ya maji ni gramu 1. Maana yake molekuli ndani ya barafu zimeachana zaidi kuliko ndani ya maji. Lakini barafu ndiyo yenye umbo, maji ndiyo yanayomwagika. Hata kwa risasi, ile wanayofunga kwenye nyavu ili zizame, ambayo huwa imebanana zaidi ikiwa ngumu, tofauti ni ndogo: ikiyeyuka ujazo unaongezeka kwa asilimia 3 hadi 4 hivi. Haiwezekani mwanya mdogo namna hiyo uwe ndio sababu ya kitu kusimama au kumwagika.

Nimefuta alama ya vema. Sasa natafuta mfano utakaoonyesha chembe ambazo hazijabanana lakini hazibadilishi jirani.

Jumapili, 16 Februari

Mchemraba. Chembe 27, tatu kwa tatu kwa tatu, zilizounganishwa kwa vijiti.

Chembe nilizipata bure. Ziwa linatema ndala kila siku, na kwenye ufuo wa mawe karibu na Kirumba nilikusanya nne, hakuna mbili zilizofanana rangi. Nikaziosha, nikazikata vipande vya sentimita 3 kwa kisu cha moto, nikabandika viwili viwili kwa gundi ya viatu (1,500). Vijiti ni vya mishikaki, pakiti ya 100 kwa 2,500. Nilivikata vyote sentimita 10. Kumbuka neno hilo, "vyote", kwa sababu limenigharimu.

Vijiti vinavyohitajika ni 54. Ilinichukua saa tatu na malengelenge mawili. Mchemraba ukasimama mezani, nikaupiga picha, nikaituma kwa mke wangu aliyekuwa chumba cha pili.

Jumatano, 26 Februari

Umelala.

Siku mbili za kwanza ulikuwa imara kwa sababu sponji la ndala lilikuwa linabana vijiti. Wanafunzi walipoushikashika matundu yakalegea, na leo asubuhi nimeukuta umeegemea ukuta kama mtu aliyetoka safari. Hakuna kijiti kilichokatika wala chembe iliyopoteza jirani yake, lakini umbo halipo tena. Miraba imekuwa misambamba.

Niliupeleka kwa fundi geti wa Mabatini nikitaka anishauri gundi nyingine. Hakuugusa hata. "Mwalimu, hapa gundi haisaidii. Geti lolote nisipolipiga chuma cha mshazari, kutoka pembe hii hadi ile, wiki ya pili linalala. Umejenga geti bila mshazari, tena mara nyingi."

Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Mwaka 1864 mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha namna ya kuhesabu: kitu chenye viungo vinavyoweza kuzunguka, ili kisimame chenyewe, kinahitaji vijiti visivyopungua mara tatu ya idadi ya viungo, ukitoa 6. Viungo 27 mara 3 ni 81, toa 6, ni 75. Mimi nilikuwa na 54. Pungufu 21! Fundi hakuwa amemsoma Maxwell, na hakuwa na haja.

Miraba midogo ndani ya mchemraba wangu ni 36, kwa hiyo nikaweka mshazari mmoja kwa kila mraba: 54 na 36 ni 90. Hapa ndipo "vyote" iliponikamata. Mshazari wa mraba wa sentimita 10 unataka kijiti cha sentimita 14 na kidogo, na pakiti nzima nilikuwa nimeshaikata. Pakiti nyingine, 2,500. Ukifuata kazi hii kata vijiti 27 tu katikati, vingine viache vizima.

Saa tano usiku niliuminya, nikausukuma, nikaweka kitabu juu yake. Haukutetereka.

Swali lililobaki ni la haki: ndani ya chumvi hamna vijiti vya mishikaki, mshazari ni nini? Chumvi ya mezani ni ioni, yaani atomi zenye chaji: za sodiamu, zenye chaji chanya, na za klorini, zenye chaji hasi, zinazopishana moja kwa moja kama miraba ya bodi ya drafti. Tazama mraba mmoja: pembe zinazotazamana kwa mshazari zina chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana. Ukijaribu kuulaza mraba, lazima pembe mbili kati ya hizo zisogeleane, nazo zinakataa. Basi mshazari wa chumvi ni uhasama. Zinazovutana ndizo zinazoshikilia ujirani, na zinazosukumana ndizo zinazozuia nyumba isilale.

Nilichukua punje kubwa ya chumvi ya mawe, nikaweka wembe sambamba na upande wake, nikagonga. Ilipasuka bapa, uso laini kama kioo. Haikupinda. Safu ikiteleza hatua moja tu, chanya inakutana na chanya, na pande mbili zinatupana.

Jumamosi, 8 Machi

Mchemraba ni mzuri lakini umekufa. Chembe za kweli hazitulii, zinatetemeka mahali pake usiku na mchana, na mtoto anayeangalia vijiti anaondoka akidhani ndani ya jiwe kuna vijiti. Nilitaka kitu ambacho chembe zinajipanga zenyewe.

Kipo, na ni cha bei ya sabuni. Mwaka 1947 kule Cambridge, Lawrence Bragg na John Nye walitumia mapovu madogo ya ukubwa mmoja yanayoelea juu ya maji ya sabuni. Bragg huyu ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, pamoja na baba yake, akiwa na miaka 25. Miaka miwili kabla ya tuzo hiyo walikuwa wameshaonyesha kwa miale ya eksirei jinsi ioni za chumvi zilivyopangwa. Mtu aliyepima umbali kati ya atomi hakuona haya kurudi kwenye mapovu. Mapovu yanavutana yakiwa karibu, yakikaribiana kupita kiasi yanasukumana, na ndivyo atomi zinavyofanya.

Nilinunua beseni jeusi (4,000, likiwa jeupe huoni kitu), sindano ya sirinji namba 23 iliyokatwa ncha, na mrija wa dripu wenye kile kigurudumu cha kupunguza maji, vyote duka la dawa kwa 2,000. Sabuni ya maji ya vyombo ilikuwepo nyumbani.

Kosa la kwanza: nilipuliza kwa mdomo. Ni Ramadhani, nusu ya wasaidizi wangu wamefunga na hawakutaka kuhatarisha funga yao kwa ladha ya sabuni, kwa hiyo nilipuliza mwenyewe. Pumzi haina kipimo. Mapovu yakatoka makubwa kwa madogo, yakajazana ovyo kama povu la kufulia.

Kosa la pili: tyubu ya pikipiki iliyojazwa upepo. Ilianza vizuri, kisha kadiri upepo ulivyopungua mapovu nayo yakabadilika ukubwa. Shilingi 1,000 kwa fundi tairi na saa nzima.

Kosa la tatu ndilo lililonichosha. Mapovu yalikuwa yanapasuka ndani ya dakika moja au mbili. Nililaumu sabuni, nikalaumu maji ya bomba, nikamlaumu mtoto aliyekuwa anapumua karibu. Mwishowe nilipitisha kidole ndani ya beseni: mafuta. Mtu nyumbani alikuwa ameliwekea samaki wa kukaanga jana yake, beseni jipya la maabara.

Ijumaa, 14 Machi

Imekubali. Natoa vipimo vyote kwa sababu hii ndiyo sehemu watu watakayotaka kuiga.

Upepo: dumu la maji nimeliweka juu ya kabati, kama nusu mita juu ya meza. Maji yanashuka kwa mrija hadi ndani ya chupa kubwa iliyofungwa, na kila tone linaloingia linasukuma hewa itoke kwa mrija wa pili hadi kwenye sindano. Ukidhibiti matone kwa kigurudumu cha dripu, hewa inatoka kwa kasi ileile hadi chupa ijae. Kifuniko kilivuja. Nta ya mshumaa haikushika plastiki. Bigijii iliyotafunwa ikashika.

Maji: lita 1, kijiko kikubwa kimoja cha sabuni, vijiko vitatu vya gliserini (chupa ndogo 3,000). Koroga taratibu, acha yalale usiku mmoja. Nilitumia maji ya mvua, kwa kuwa masika yameanza na ndoo zilikuwa zimejaa. Nilibadilisha maji, gliserini na usafi wa beseni kwa mpigo, kwa hiyo sisemi ni kipi kati ya vitatu kilichoponya. Si namna ya kufanya sayansi, najua.

Sindano: mdomo uwe chini ya uso wa maji kwa nusu sentimita tu, usiutikise.

Mapovu yalitoka ya milimita 2 hivi, moja baada ya jingine kama shanga. Yalipofika kumi yalikuwa yameshashikana, na yalipofika mia niliacha kuhesabu nikabaki kutazama. Kila povu lina majirani sita, bila kuambiwa na mtu. Safu zimenyooka kama mistari ya daftari, halafu ghafla zinakutana na kundi jingine lililonyooka kwa upande tofauti, na kati yao kuna mpaka uliochakaa. Ndivyo chuma kilivyo ndani: vipande vingi vidogo vya mpangilio, na mipaka.

Simu niliifunga kwenye mfuko nikaiweka chini ya beseni, nikamwambia mke wangu anipigie. Mapovu yote yalitetemeka, hakuna lililomwacha jirani yake. Nilipokoroga kwa kijiko, kila mmoja akampoteza mwenzake na mapovu yakaanza kutiririka kufuata kijiko. Idadi ni ileile, na kubanana ni kulekule. Hapo ndipo nilipoona jibu la swali la Februari kwa macho: umbo linatoka kwenye chembe kutobadilisha jirani, si kwenye kubanana.

Lile povu la ovyo la tarehe 8 sikulitupa, nililitengeneza tena makusudi, ukubwa mbili zikichanganywa. Mpangilio haupo, lakini kila povu bado limekwama kati ya majirani wake. Hicho ni kioo cha dirisha. Wapo wanaosema kioo hutiririka polepole na kwamba madirisha ya makanisa ya kale Ulaya yamenenepa chini kwa sababu hiyo. Si kweli, vioo vya zamani vilitoka kwa fundi vikiwa na unene usiolingana.

Jumamosi, 22 Machi

Vitana viwili. Nilivichomeka pande mbili za mapovu, kimoja nikakishika, kingine nikakivuta pembeni taratibu. Kidogo: mapovu yanainama, ukiachia yanarudi. Zaidi: safu moja inakosea hatua, na kosa hilo linakimbia kutoka ukingo hadi ukingo kwa kufumba na kufumbua, kama mkunjo wa mkeka unaousukuma kwa mguu. Binti mmoja wa kidato cha pili alipiga kelele, "Mwalimu, mstari umekimbia!"

Mwaka 1934 watu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kivyake, walieleza kuwa chuma hupinda namna hiyo. Safu nzima haitelezi kwa pamoja, ila kosa moja linapita. Ndiyo maana waya unapinda na chumvi inapasuka.

Tulichukua waya wa shaba uliovuliwa kutoka kwenye waya wa umeme, tukaupinda mahali pamoja mara nyingi. Kila mara unakuwa mgumu zaidi, kwa kuwa makosa yanaongezeka na kukwamana kama pikipiki kwenye kivuko. Wa kwanza ulikatika. Wa pili, kabla haujakatika, niliuweka kwenye jiko la mkaa hadi ukawa mwekundu, nikauacha upoe: laini tena kama mwanzo. Onyo: nilishika upande ambao niliamini haujapata moto.

Alhamisi, 27 Machi

Kipindi chenyewe. Sikufundisha kwa utaratibu niliouandaa. Nilimwita kijana wa dagaa mbele, nikampa konzi ya mchanga wa ziwani na kipande cha jiwe nilichookota chini ya kilima. Miamba yetu hii ya Mwanza, pamoja na lile Jiwe la Bismarck linalopigwa picha na kila mgeni, ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na ndani yake kuna punje za madini ya kwazi, felspa na maika zilizokua zikisukumana hadi kila punje ikaota ndani ya mianya ya mwenzake. Mchanga, kwa sehemu kubwa, ni kwazi ileile baada ya jua na mvua kuachanisha punje.

Akaugeuza mchanga mkononi muda mrefu. "Kwa hiyo punje ni yabisi, ila punje na punje hawajuani."

Nimeiandika ubaoni badala ya ile ya zamani. Wengine waliuliza punje moja ina ngapi ndani, nikawapa ya chumvi kwa kuwa naijua: kutoka sodiamu hadi klorini ni nanomita 0.28, basi punje ya milimita 0.3 ina safu ya takribani ioni milioni moja upande mmoja tu, kila moja na majirani wake sita.

Gharama hadi leo: 22,000, ukijumlisha na bigijii na hasara ya tyubu. Ukiyakwepa makosa yangu na kuacha gololi, haizidi 13,500.

Jumatano, 2 Aprili

Mchemraba uliazimwa na mkondo mwingine, umerudi umelala tena. Nilihesabu: vijiti 84. Vimetolewa sita tu, na kwa hesabu ya Maxwell nilidhani 75 vinatosha, kwa hiyo nilikaa nao sakafuni nikiwa nimechanganyikiwa.

Nikausukuma kuelekea dirishani, hausogei. Nikausukuma kuelekea mlangoni, unalala. Sita zote zilitolewa kwenye tabaka la chini, upande mmoja, mshazari wote wa mwelekeo ule. Kumbe 75 ni kima cha chini tu, na mahali vijiti vilipo napo panahesabika. Nimezirudisha kwa vijiti vilivyobaki kwenye pakiti ya pili, na nimeupandisha juu ya kabati.